Hapa Hakuna Baridi? Basi Turbo Yako Iliuliwa na Nani

Wasee wa turbo, leo ni nyinyi nawataka. Hasa wa Subaru, juu ndio mko wengi na kelele zenu ndizo zinatuamsha. Wa Evo na wa Golf sogeeni pia, hamjaponea.

Kuna sentensi mbili nimechoka nazo. Ya kwanza husemwa gari ikiwa nzima, bado inang'aa, fundi akiwa ameshika mtungi wa oili: "Hapa ni Kenya buda, hakuna baridi, tuweke hii nzito." Ya pili husemwa miezi kadhaa baadaye, gari ikitoa moshi wa buluu na turbo ikilia kama filimbi ya refa: "Ni hii baridi ya Limuru. Imemaliza turbo." Na mara nyingi anayezisema zote mbili ni mtu mmoja. Sasa tuelewane. Baridi iko ama haiko? Kama haiko, haiwezi kuua kitu. Kama iko, mbona gari ulihudumia kama mtu anaishi Lodwar?

Msimamo wangu ni huu: baridi ya Kenya haiui turbo. Turbo zinauliwa na dakika kumi za kwanza za asubuhi, na zinauliwa na hii tabia ya kung'oa vitu ambavyo injinia wa Japan aliweka akiwa na akili timamu, ati juu "hapa ni Afrika".

Kwanza tuangalie baridi ya ukweli, ndio tujue tunalia kuhusu nini. Sapporo, kule Hokkaido kaskazini mwa Japan, Januari yote ni kucheza karibu na sifuri na chini yake, na theluji inarundikana kando ya barabara hadi inapita urefu wa mtu. Hizi gari zetu zinatoka Japan, na kuna zile ziliishi huko kwa theluji kabla ya kupandishwa meli. Ingia chini ya gari ukiwa na tochi. Ukiona kutu imekula chesi na gari inaonekana mpya kwa juu, hiyo ni chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Gari yako ilijua baridi kabla ikujue wewe.

Enda Edmonton, Canada. Huko nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya saa moja jioni, ni Jumanne tu. Na kuna watu wanaendesha WRX za gia za mkono huko, miaka na miaka, injini ikiwa ileile. Gari zao ziko na waya wa umeme unaoning'inia mbele kwa grili. Kama hujui unaweza fikiria kila mtu amenunua gari ya stima. Ni hita ya injini. Usiku unachomeka kwa soketi, asubuhi injini haijaganda kabisa. Wanaweka oili ya 0W au 5W, wanavalisha gari tairi za baridi, wanachunga betri juu kwa baridi kama hiyo betri inapoteza nusu ya nguvu zake ama zaidi. Alafu wakiwasha wanaendesha pole pole. Hiyo tu. Hakuna uchawi.

Ama twende Sweden. Februari 2022 kijana wetu McRae Kimathi, akiwa na Mwangi Kioni kwa kiti cha navigeta, alikimbiza Ford Fiesta Rally3 kwa theluji ya Umeå. Hiyo gari ina silinda tatu na turbo. Mtu ametoka kwa vumbi letu akaenda kukanyaga barafu na tairi za misumari. Sasa wewe unaniambia nyuzi 9 za Tigoni saa kumi na moja asubuhi ndizo zimekushinda?

Lakini pia sitaki mtu aniambie hatuna baridi. Tuko nayo. Mtu wa Limuru, Kinangop, Ol Kalou ama Timboroa hahitaji kufundishwa. Watu wa Nyandarua wanajua sakitu vizuri, ile inachoma viazi, na mara nyingi haiji hata Julai, inakuja Januari na Februari usiku ukiwa mkavu bila mawingu. Kwa hivyo kama unalaza turbo nje Njabini, una asubuhi za baridi mwaka mzima, na hiyo ni hesabu yenye fundi wa Industrial Area hafanyi juu yeye analala Pipeline.

Sasa ndani ya turbo. Chukua ile chupa ya mafuta ya nazi ya nywele ya dada yako. Mombasa ni maji. Nairobi mwezi wa saba ni jiwe, anaiweka kwa sufuria ya maji moto ndio imwagike. Oili ya injini haigandi hivyo, lakini picha ndiyo hiyo: baridi ikiingia, oili inakuwa nzito na inatembea polepole. Na turbo ndiyo iko mwisho wa laini ikingoja. Shafti ya turbo inaweza zunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini yako yote ikifika mstari mwekundu iko kama 7,000. Na hiyo shafti, kwa turbo nyingi, haijashikwa na kitu kigumu. Inaelea kwa utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Kama oili bado inajikokota, hiyo shafti inaanza kugusa chuma. Haitakuambia siku hiyo. Itakuambia siku ya moshi.

Na si turbo peke yake. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, filta inashindwa kuipitisha haraka, kwa hivyo kuna mlango mdogo unafunguka ndio injini isikae kavu. Oili inapita bila kuchujwa. Yaani wewe ukikanyaga hiyo dakika ya kwanza, unasukuma uchafu wote kwa beringi zako.

Hapo ndio tunafika kwa mtungi wa 20W-50. Wacha niwaeleze hizi namba juu nimegundua watu wanaendesha gari ya milioni na hawajui kusoma kopo la oili. Namba iko kabla ya W ni tabia ya oili ikiwa baridi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikiwa moto, kwa nyuzi 100. Oili ya 5W hujaribiwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kuona kama injini inaweza kuzungushwa nayo. Ya 20W hujaribiwa kwa 15 chini tu. Najua kuna mjuaji ameshafungua komenti: "Lakini Kenya hatufiki 15 chini ya sifuri." Kweli kabisa, hatufiki. 20W-50 haitaganda Kinangop. Swali langu ni lingine: itachukua muda gani kufika kwa turbo, kila asubuhi, mwaka mzima, kwa injini iliyopendekezewa 5W-30?

Mjuaji wa pili atasema vitabu vya zamani vya Subaru vinataja 20W-50. Ni kweli, viko. Soma hiyo sentensi hadi mwisho: ni kwa sehemu za joto kali na kazi nzito. Kama unavuta trela Garissa saa nane mchana, mimi na wewe hatuna kesi. Na kuna wasee wa rali wanaojenga injini upya na nafasi kubwa kwa beringi, wanaweka oili nzito wakijua kwa nini. Wewe ulijengewa injini na nani? Umeinunua na kilomita za Mjapani, ukaambiwa na mtu mwenye anauza oili kwa mtungi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kila mtu hapa anajua. Kusoma kitabu cha gari hakukuhitaji digrii. Kiko kwa intaneti bure. Kama ni Kijapani, simu yako ina kamera inayotafsiri.

Alafu thamostati. Hii inanikasirisha kuliko oili. Gari imechemka mara moja kwa jam ya Waiyaki Way, fundi anafungua, anatoa thamostati, anatupa, anasema hiyo ni ya Ulaya. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi inafungwa ili maji yazunguke ndani tu na injini ipate joto haraka. Ikifika joto lake inafunguka maji yaende kwa rejeta. Ukiitoa, maji yanaenda kwa rejeta tangu sekunde ya kwanza. Sasa wewe unatoka Limuru saa kumi na moja, unateremka kuelekea Nairobi, upepo wa baridi unapiga rejeta, injini haipati kazi ya kuipasha. Unafika Kangemi na injini bado iko vuguvugu. Kompyuta ya gari inaona injini baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Hiyo petroli inaosha oili kwa kuta za silinda na ingine inateremka kuchanganyika na oili chini. Unalia kuhusu bei ya petroli na wewe ndio umeitisha.

Na maji ya bomba badala ya kulanti? Watu wanasema kulanti ni ya kuzuia barafu na hatuna barafu. Kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji hushuka hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri bila kuganda, ndiyo, na hiyo hatuihitaji. Lakini pia inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu. Injini ya Subaru ni aluminiamu na gasketi zake mnazijua tabia. Unaimwagia maji ya bohoo yenye chumvi alafu unashangaa.

Wazee wataniambia walitembea na Peugeot 504 miaka ishirini na maji ya mto. Shikamoo wazee. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, mimi siwezi itusi. Lakini hiyo 504 ya petroli haikuwa na turbo ya kungoja oili. Mtu akikulea na ng'ombe haimaanishi unajua kufuga farasi.

Sasa kwa nini vijana wanakanyaga asubuhi? Hapa nitakuwa mkweli: juu ni tamu. Hewa ya baridi ni nzito. Hewa ya nyuzi sifuri ina uzito kama asilimia 11 zaidi ya hewa ya nyuzi 30, kwa presha ileile. Turbo inakula hewa, kwa hivyo asubuhi gari inavuta vizuri kuliko saa saba mchana. Mtu yeyote aliyeendesha turbo anajua hiyo raha. Shida ni kwamba inakuja wakati injini haiko tayari kuilipia. Na ukiwa Limuru uko kama mita 2,200 juu ya bahari, presha ya hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na Mombasa, kwa hivyo turbo inazunguka kwa nguvu zaidi kukupa busti ileile. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni mbaya zaidi. Yaani tuko mahali turbo inafanya kazi ngumu kuliko pwani, na ndipo tunaianzisha na oili ya kulala.

Na usiniambie geji imefika katikati. Hiyo geji ni ya maji. Oili inachelewa nyuma yake dakika nyingi. Sindano ikikaa katikati ndio umefika nusu ya safari, si mwisho.

Gia za mkono ndizo zinakupa nafasi ya kufanya hii kitu poa, na ndizo zinakupa nafasi ya kuiharibu. Gari ya otomatiki inakuamulia. Wewe wa klachi unaamua mwenyewe. Washa, ngoja kama nusu dakika hadi dakika moja, kelele ya mwanzo itulie, kisha ondoka. Usikae hapo dakika ishirini ukipasha moto kama chai, injini ikizunguka bila kazi inapata joto polepole na petroli inazidi kuosha silinda. Ondoka lakini usiite busti. Cheza kati ya mizunguko 2,000 na 3,000, mguu mwepesi. Na pia usiende upande ule mwingine, gia ya tano kwa mizunguko 1,400 ukipanda mlima na mguu chini, ati unahurumia injini. Hiyo ni kuinyonga. Gia ya pili ikikataa kuingia asubuhi, usiilazimishe, oili ya giaboksi nayo imelala na sinkro haziwezi kazi. Kanyaga klachi, toa kwa gia, achilia, kanyaga tena, ingiza. Inachukua sekunde. Ile kelele ya kusaga unayoicheka kwa video ni shaba ya sinkro inaisha, na giaboksi za turbo pale Kirinyaga Road mnajua zinaulizwa bei gani.

Kitu kimoja cha watu wa Canada nilikipenda: usiku wa baridi kali hawavuti handbreki, juu breki zilizoloa zinaweza kuganda na gari isitoke asubuhi. Wanaacha gari kwa gia. Hapa usijaribu kwa mteremko bila jiwe, lakini ona venye mtu anajua gari yake.

Na sasa wenzangu wa kontenti. Nimekaa kimya nikiwaheshimu lakini imetosha. Hizi video za kuwasha gari alfajiri, mvuke ukitoka kwa ekzosi, alafu papo hapo mtu anapandisha hadi mstari mwekundu, tatatata, moto nyuma, muziki wa gengetone juu yake. Watoto wa Form Three wanaona hiyo ndio heshima ya turbo. Wengi wenu mnajua mnachofanya. Gari si yenu, ni ya mtu amewapa siku moja, ama mko na mdhamini wa kulipa injini. Yule kijana wa Wangige anayewaiga alichukua mkopo wa sako, babake akamdhamini. Injini ikienda, yeye halipi na laiki. Mimi nimeona mzee akikatwa kwa pesa za majani chai kwa sababu ya gari haijatembea tangu Machi, iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanalala ndani.

Kuna ingine hatuitaji kwa video zetu. Asubuhi za Limuru na Kinale ziko na ukungu, barabara imelowa, tairi ni baridi na ngumu. Tairi za kawaida za kasi zinaanza kupoteza mshiko joto likishuka kama nyuzi 7. Turbo za zamani hazina nguvu, hazina, hazina, alafu zote zinakuja mara moja. Zikija katikati ya kona, na wewe umeshika gia ya tatu na mkono mmoja juu mwingine una simu, hakuna tena kesi ya oili. Trela la kuelekea Nakuru halikuoni. Kuna watu tumezika hapa kwetu na kwa tanzia iliandikwa tu "ajali ya barabarani". Hakuna mtu aliandika walikuwa wanarekodi.

Najua mtanitusi. Poa. Lakini kabla uanze kuandika, toka nje, fungua boneti na ufanye vitu viwili. Fungua kifuniko cha oili, uangalie kama chini yake kuna utando mweupe kama mala. Kama uko, inaweza kuwa safari fupi fupi zinaacha maji kwa oili juu injini haipati moto, na inaweza kuwa gasketi. Jua ni gani kabla ya kuendesha tena. Alafu piga picha ya kopo la oili yenye uliwekewa mara ya mwisho, uiweke hapo chini. Kama huna kopo na hujui ni oili gani, andika tu "sijui" na jina la mtaa wako. Nataka tuhesabu tuko wangapi.